Nimeshaisoma Hiyo

Kila siku ya kazi, saa moja kasorobo asubuhi, magazeti saba yalikuwa yameshafika mezani pa Mama Mkasi, yakinuka wino na moshi wa pikipiki iliyoyaleta. Jina hilo alipewa na wenzake wa ofisini, na alilistahili, maana kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kukata. Kampuni ilikuwa ya malori ya mizigo. Mkurugenzi wake, mtu aliyedai kuwa kioo cha kompyuta kinamtoa machozi, alitaka kila asubuhi awekewe mbele yake kila habari inayoweza kuligusa lori: barabara, mafuta, mvua, migomo, mipaka iliyofungwa. Mama Mkasi alisoma, akakata, akabandika kwa gundi kwenye karatasi nyeupe, akagonga muhuri wa tarehe, kisha pembeni akaandika maneno mawili matatu ya kufafanua. Kalamu nyekundu ilikuwa ya mambo ya haraka. Ya bluu, mambo ya kawaida. Nyeusi ilikuwa ya yale ya kuwekwa tu kwenye faili, yasimsumbue mtu.

Miaka ya mwanzo kalamu nyekundu moja ilimtosha hadi mwaka ukaisha. Siku hizi aliomba mpya kila mwezi, na mtunza stoo alikuwa anamtania kwamba anazinywa. Mkurugenzi naye aliwahi kumwita akamwonyesha lundo la karatasi za siku moja.

"Mama Mkasi, hebu niambie. Hapa kila kitu kinaungua. Mimi nianze kuzima wapi?"

Alicheka kidogo, kicheko cha adabu, akarudi mezani pake akaendelea vilevile. Machoni pake kila kitu kilikuwa kinaungua kweli.

Angekuwa mtu wa kuacha kazi kazini, mambo yangeishia hapo. Lakini nyumbani alikuwa na redio mbili, moja jikoni na moja kando ya kitanda, na simu yenye makundi matano ya habari yaliyolia mchana kutwa kama vifaranga. Akisikia ugonjwa umezuka nchi ya saba, jioni hiyohiyo anachemsha maji mara mbili. Akisikia jengo limeanguka mahali, anazunguka nyumba yake akigonga kuta kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Akishagonga anashika tama. Kuta zote zilitoa sauti ileile, na hakujua kama hiyo ni sauti nzuri au mbaya.

Aliyebeba mzigo huo pamoja naye, bila kuuomba, alikuwa binti yake. Alikuwa mtoto wake wa pekee, mwanamke wa miaka ishirini na sita, mtulivu, anayefanya kazi kwenye kitalu cha miche na kurudi nyumbani kila jioni na udongo kwenye kucha. Mama yake alimpigia simu mara nne, mara tano kwa siku. Umesikia kuna upepo mkali unakuja? Umesikia dereva wa basi kalala usukumani? Usipite njia ya darajani, mwanangu, kuna daraja limekatika. Daraja lenyewe lilikuwa limekatika ng'ambo ya bahari mbili, ila hilo Mama Mkasi hakulisema, na pengine alikuwa ameshalisahau. Binti alivumilia, akavumilia, mwisho akaacha kupokea simu saa za kazi. Alimwambia mama yake kwa upole kwamba mabomba ya maji na simu haviendi pamoja. Mama alielewa, na ilimuuma, lakini hakuacha kupiga.

Na kulikuwa na jambo jingine. Ukimwambia Mama Mkasi chochote, hata ungekuwa umekiona kwa macho yako dakika tano zilizopita, alikuwa na jibu moja: "Nimeshaisoma hiyo." Lilimtoka lenyewe kama chafya. Jirani akimwambia bei ya mkaa imepanda, ameshaisoma. Mtunza stoo akimwambia mke wake kajifungua mapacha, ameshaisoma, halafu anashtuka na kuomba radhi huku ofisi nzima inacheka. Wengi walidhani ni majivuno. Ulikuwa uchovu tu. Kichwa chake kilikuwa kimejaa pomoni, na neno hilo lilikuwa mlango aliourudisha ili kisiingie kitu kingine.

Usimcheke, maana habari zenyewe hakuzipenda hata kidogo. Zilimkondesha, zilimnyima usingizi, zilimfanya atafune chakula asijue anakula nini. Alizifuata kwa hofu, na hofu hiyo ilikuwa na siku yake ya kuzaliwa. Miaka sita nyuma mume wake, fundi bomba, aliondoka nyumbani asubuhi akipiga mluzi. Saa nne moyo wake ulisimama akiwa amechuchumaa chini ya sinki la mteja. Simu ya mkewe ilikuwa imeisha chaji ndani ya mkoba, kwa hiyo taarifa ilimfikia saa kumi jioni, getini kwa kampuni, mdomoni mwa mtu asiyemjua. Katika hizo saa sita Mama Mkasi alikata magazeti, akala, akacheka na wenzake hadi machozi, akatoka mara moja kumnunulia mumewe soksi. Saa sita nzima alikuwa mjane na hajui. Soksi hizo zimo bado kwenye droo, na karatasi yake haijabanduliwa. Siku ya mazishi alijiapia kwamba habari mbaya haitamkuta tena akicheka. Ataiona ikitokea mbali, ataipokea akiwa amesimama, na binti yake atamweka nyuma ya mgongo wake.

Marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Redio ilipoanza kutangaza vita wakati wa chakula, alinyoosha mkono akaizima. "Wacha wapigane," alikuwa akisema, "sisi tule kwanza, halafu tuwaonee huruma tukiwa tumeshiba." Baada ya kula aliiwasha mwenyewe, akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akalala fofofo. Mkewe alimwona mtu asiyejali. Siku hizi alijiuliza mara kwa mara aliwezaje.

Jumatano moja, mnamo saa tatu, mkurugenzi alimwita.

"Ile barabara ya nyuma ya kiwanda cha matofali wanaipanua. Nasikia matingatinga yameshaingia. Niletee kila kilichoandikwa kuhusu barabara hiyo tangu mwanzo, nione malori yangu yatapita wapi."

Maneno "kiwanda cha matofali" yalimgusa kitu kifuani, yakapita. Kichwani alikuwa na tetemeko la ardhi la asubuhi hiyo, watu mia mbili, na idadi ilikuwa inapanda. Alilishusha faili la barabara, nene kama godoro la mtoto, akaanza kufunua kurasa akilowesha kidole.

Alikikuta katikati. Kilikuwa kipande kidogo kisichozidi kiganja, cha ukurasa wa kumi na saba, tangazo la halmashauri. Jamaa wa marehemu waliozikwa katika makaburi ya nyuma ya kiwanda cha matofali waliombwa kufika ofisini ndani ya siku thelathini, wajiandikishe kwa ajili ya kuhamisha mabaki ya ndugu zao kupisha barabara. Makaburi yasiyo na wenyewe yangehamishwa na halmashauri, na mabaki yangezikwa katika kaburi moja la pamoja. Pembeni, kwa mwandiko safi ambao mkurugenzi alizoea kuusifu, palikuwa pameandikwa: *Barabara itapanuliwa. Hakuna athari kwa sasa.*

Kalamu ilikuwa nyeusi, na mwandiko ulikuwa wake. Muhuri ulisema wiki kumi zilizopita.

Alikaa juu ya boksi la karatasi. Mume wake alikuwa pale, mstari wa tatu kutoka kwenye bomba la maji. Wakati wa kuzika mtu fulani alisema ni mahali pazuri kwa fundi bomba, na watu wakacheka katikati ya kilio. Aliikumbuka pia siku aliyokata kipande hiki. Ilikuwa siku ya lile daraja la ng'ambo. Alijaza karatasi nne kwa kalamu nyekundu kuhusu daraja ambalo hakuna lori la kampuni lingewahi kulikanyaga, na kipande hiki alikikata mwisho, mkono ukienda wenyewe, akili ikiwa ndani ya mto pamoja na watu wasiojua kuogelea. Alikisoma. Hilo ndilo lililomkata maini, kwamba alikisoma neno kwa neno, akakipaka gundi na kukipangusa kwa kiganja kisipate mikunjo.

Alimpigia binti yake. Simu iliita hadi ikakatika. Akapiga tena, ikakatika tena. Mara ya tatu alijua kabisa kinachoendelea huko upande wa pili: mtoto ameitazama simu, ameona "Mama", amesema moyoni kuna mafuriko mahali, na ameirudisha mfukoni. Hakuweza hata kumkasirikia.

Alikibandua kipande taratibu kwa ncha ya mkasi, akakitia kwenye mkoba, akamwambia mkurugenzi anatoka kidogo. Mkurugenzi aliuona uso wake, akauliza, "Kuna nini tena huko duniani?"

"Duniani hakuna kitu, bosi," alisema. "Ni kwangu."

Ofisi za halmashauri zilikuwa mwendo wa dakika ishirini, naye alizitembea kwa kumi na mbili, roho mkononi, akipita mbele ya maduka yenye runinga zilizowashwa bila kuzitupia jicho. Ghorofa ya pili, chumba cha mwisho, foleni ya watu wanne. Alisimama nyuma yao akihesabu vigae vya sakafu. Kila alipofika kumi alimwona mumewe akimwagwa pamoja na watu asiowajua, bila jina, bila mstari wa tatu, na yeye akiwa ndiye aliyeandika kwamba hakuna athari. Alijikaza kisabuni asilie mbele za watu.

Karani alikuwa kijana mwenye mafua, sauti imemkauka.

"Mama, siku thelathini zilikwisha zamani. Kazi yenyewe tumeshaifunga. Wote wameshahamishwa."

"Najua, mwanangu. Niambie tu wako wapi wasio na mwenyewe."

"Kwanza tumtafute. Kaburi namba ngapi?"

Namba hakuijua. Alijua idadi ya waliokufa kwenye tetemeko, alijua bei ya pipa la mafuta ya asubuhi, alijua jina la mto wenye lile daraja. Namba ya kaburi la mume wake hakuijua. "Mstari wa tatu kutoka kwenye bomba," alisema. Karani alimtazama, akavuta pumzi, akaomba jina. Alilitaja. Alikuwa hajalitamka kwa sauti muda mrefu, na lilimtoka likiwa na kutu.

Karani alifungua daftari kubwa, akashuka na kidole, akafungua ukurasa mwingine, akashuka tena. Kidole kikasimama.

"Huyu ana mwenyewe. Aliandikishwa siku ya nne tu baada ya tangazo. Kahamishwa Jumamosi iliyopita, kaburi mia moja na nane, makaburi mapya kule juu." Akaligeuza daftari. "Huyu aliyemwandikisha ni ndugu yenu?"

Aliutambua mwandiko kabla ya kuusoma, herufi zilizolala upande mmoja kama miche iliyopigwa na upepo. *Mwandikishaji: mtoto wa marehemu.* Chini yake palikuwa na sehemu ya jamaa watakaohudhuria. Namba moja, mtoto, na saini yake mbele. Namba mbili: *Mama, akipata nafasi.* Mbele ya hapo palikuwa peupe.

Mama Mkasi aliyasoma maneno hayo matatu mara nyingi kuliko alivyowahi kusoma kitu chochote katika miaka kumi na minne.

Kisha kumbukumbu zikaja moja moja, bila haraka. Jioni moja jikoni, redio inasoma matokeo ya mazungumzo ya amani ya watu fulani, na binti anaosha mikono: "Mama, yale makaburi ya kwa baba yanahamishwa." Naye bila kugeuka: "Nimeshaisoma hiyo." Siku nyingine tena: "Mama, nimeenda kuandikisha." Na yeye kuinua kidole, ngoja kwanza, wanataja idadi. Halafu Jumamosi, alfajiri, binti mlangoni na viatu vya mvua, jembe begani, mche ndani ya kopo: "Mama, mimi natoka. Huji?" Alidhani anakwenda kazini. Kura zilikuwa zinahesabiwa katika nchi moja ya mbali, wamebakiza majimbo matatu. Alimpungia mkono. Alimwambia aangalie barabarani, kuna ajali nyingi.

"Mama," karani alisema, "kama unataka kusaini, nafasi yako ipo. Hakuna atakayejua."

"Sikuwepo, mwanangu," alisema. "Iache hivyo hivyo."

Kitalu cha miche kilikuwa pembezoni mwa mji, nyuma ya uzio wa wavu. Alimkuta binti yake amepiga magoti kati ya mistari ya vikopo, akipunguza miche iliyosongamana. Binti alipoinua macho akamwona mama yake amesimama pale saa sita mchana, siku ya kazi, viatu vimejaa vumbi, kitu cha kwanza kusema kilikuwa, "Nani kafa?"

Swali hilo lilimchoma Mama Mkasi. Mtoto huyu alikuwa amejifunza hofu kutoka kwake, amejifunza vizuri.

"Hakuna aliyekufa." Aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akatoa kile kipande mkobani, akampa. "Tazama."

Binti alikisoma. Akaona maandishi ya pembeni. Akayasoma tena kwa sauti, polepole, "Hakuna athari kwa sasa," akacheka mara moja, kicheko kifupi kisicho na furaha, na papo hapo macho yakamjaa.

"Ina maana hukujua?"

"Nilisoma. Sikujua."

"Mimi nilikwambia, mama. Mara mbili. Ukasema umeshaisoma. Nikasema basi, anajua, ila inamuuma, hataki kuona mifupa. Nisimlazimishe." Alijipangusa kwa mgongo wa mkono, udongo ukabaki shavuni. "Nilikuwa na hasira na wewe siku tano hizi. Jumapili nilikupikia nikiwa na hasira."

"Sikuona."

"Najua hukuona. Hata hilo lilinitia hasira."

Maji yalidondoka mahali kutoka kwenye bomba lisilofungwa vizuri, na wote wawili walilisikia, na wote wawili walijua nani angelifunga. Mama Mkasi alitaka kuomba radhi, lakini kila neno aliloliokota lilikuwa dogo. Alikuwa amechoka kiasi cha kutoweza hata kulia. Miaka sita ameilinda nyumba dhidi ya kila moto wa dunia, na aliyebaki ndani ya nyumba hiyo alikuwa amekwenda kumfukua baba yake peke yake, na kopo la mche mkononi.

Simu ililia mkobani. Mkono wake uliingia kabla yeye hajauambia uingie. Lile tetemeko: mia mbili na arobaini. Aliwahurumia kwa dhati, watu wale wenye majina yao na mistari yao. Aliitumbukiza simu ndani ya kopo tupu, kioo chini. Ililia mara mbili zaidi humo ndani kwa sauti ya bati. Kesho saa moja kasorobo magazeti saba yatakuwa mezani, naye atayasoma yote, ndiyo kazi. Binti aliitazama simu, akamtazama mama yake.

"Ule mche," Mama Mkasi aliuliza, "ulimpandia mche gani?"

"Chipukizi la ule ule uliokuwa kwenye kaburi la zamani. Nililing'oa na mizizi yake siku mbili kabla hawajaanza kuchimba." Binti alikaa chini kabisa, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyeshusha mzigo njiani. "Mama, hata hujui. Wachimbaji walikuwa wawili, wazee, waungwana sana. Mmoja alipofika chini akasimama, akaniita, akasema, binti, njoo uone kitu alichozikwa nacho baba yako—"

"Nimesha—"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Binti aliinamisha uso na mkono wake ukarudi kwenye miche, taratibu, kama ulivyorudi jioni zote zile.

Mama Mkasi aliinuka kwenye ndoo, akapiga magoti kwenye udongo na sketi yake ya ofisini, akaushika mkono ule.

"Hapana," alisema. "Hiyo sijaisoma. Nianzie mwanzo. Uliamka saa ngapi?"